Jina kwenye Zege Bichi

Mtoto alikuwa na siku sita duniani, kilo tatu na robo, sauti ya honi ya lori, na bado hakuwa na jina. Nyumbani walimwita Mzee, kwa sababu alizaliwa na kipara na mikunjo ya paji la uso, na kila alipofungua macho aliwatazama watu kama mkaguzi aliyefika akakuta kazi haijaanza.

Kila aliyeingia kumwona alikuwa na jina lake mfukoni. Jirani wa mkono wa kulia alileta jina la mwanawe aliyefaulu mitihani. Jirani wa mkono wa kushoto, ambaye mwanawe hakufaulu, alileta majina manne ili wachague. Baba Mdogo, ndugu wa pekee wa baba yake Fundi, yeye hakupendekeza. Alitangaza. Alikaa kwenye kochi, akavua kofia, akasema mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, mambo yameisha, chai iko wapi.

Fundi, baba wa mtoto, alikuwa mwashi, mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye mikono kama makoleo na mdomo usiojua kupinda. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Alikuwa akisema mumewe huongea kama anavyoshusha kokoto: zinamwagika zote kwa mpigo, na aliyesimama karibu aangalie miguu yake.

"Babu yake mzaa baba ndiye nani?" Fundi akauliza.

"Kaka yangu. Baba yako."

"Ana sura gani?"

Baba Mdogo akapuliza chai. "Usianze."

"Nauliza tu, Baba Mdogo. Nikipishana naye njiani nimtambue kwa nini?"

"Yule ni damu yako, bwana."

"Hata mbu ana damu yangu, na sijampa mtoto jina lake."

Chumbani kikasikika kicheko cha Mwalimu, kile cha kujifanya kukohoa. Baba Mdogo akamaliza chai, akavaa kofia, akasema atarudi Jumamosi, siku ya watu kukusanyika na jina kutajwa, na kwamba anatumaini akili zitakuwa zimerudi kabla yake.

Huyo kaka yake aliaga kwenda kununua betri za redio wakati Fundi ana miezi minne, na mpaka leo hizo betri hazijapatikana. Mama yake Fundi akaugua, akafariki mtoto hajafikisha miaka miwili. Aliyemchukua, akamfunga mgongoni na kwenda naye kazini, ni dada mkubwa wa mama yake. Fundi alimwita Mama Mkubwa, kama inavyopasa. Watu wengine wote walimwita Timazi.

Timazi, kwa asiyejua kazi za ujenzi, ni lile donge zito la risasi linaloning'inia kwenye kamba, ambalo mwashi hulishusha kando ya ukuta kujua kama umesimama wima. Mama Mkubwa alikuwa mwashi wa miaka thelathini na tano, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na kuta zake zilisimama kama askari wa gwaride. Fundi alikua akiamini jina lilitokana na hilo. Nani asingeamini? Mtu akisema pale sokoni, "Ukuta huu amejenga Timazi," wengine walikuwa wanaacha kuuliza maswali. Fundi mwenyewe akiwa darasa la tano, alipoona kusoma hakumwingii na yeye hakuingii kusoma, alishika mwiko na kumfuata, na kila alipotambulishwa kuwa ni mtoto wa Timazi alivimba kifua kama aliyetajwa redioni.

Sasa Mama Mkubwa alikuwa na miaka sabini na tatu, magoti yamegoma kupanda jukwaa, na hakuwahi kuzaa. Zamani, Fundi akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, walikwenda kumtazama mtoto wa binamu aliyepewa jina la shangazi fulani, na huyo shangazi siku hiyo hakukalika naye. Kila dakika somo yangu huku, somo yangu kule. Njiani kurudi Mama Mkubwa alitembea kimya, kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Jina langu mimi litaondoka na viatu vyangu."

Alilisema mara moja tu. Fundi akaweka nadhiri moyoni: mtoto wangu wa kwanza atakuwa somo yako. Hakujua kuwa mtoto wa kwanza angemsubirisha miaka ishirini na saba. Wala hakujua angekuwa wa kiume, maana jina la kuzaliwa la Mama Mkubwa ni la kike kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mvulana akilibeba atapigana kila siku ya shule mpaka amalize.

Jioni hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto akiwa amelala kifuani pa mama yake mdomo wazi.

"Na mama yako je?" Fundi akauliza. "Naye ni mwanamke, naye ana haki."

"Mama yangu ana somo watatu kwa dada zangu. Anashindwa hata kuchagua amnunie yupi. Huyu tumpe Mama Mkubwa, mimi sina neno. Ila jina lile, mume wangu..."

"Jina lile tunaliacha. Tunampa Timazi."

Mwalimu akalijaribu kimyakimya, midomo ikicheza. Akamtazama mtoto. "Timazi. Siyo baya. Lina kifua."

"Basi."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Unamuuliza mtu kama anataka kuheshimiwa?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ndivyo wanavyofanya watu."

"Itakuwa haina raha. Nataka alione ghafla."

Mwalimu alitaka kusema kitu, lakini Mzee aliamka akaanza kupiga honi, na katika nyumba ile kwa siku sita hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi mbele ya honi hiyo.

Nyuma ya nyumba Fundi alikuwa anajenga chumba cha mtoto. Kuta zilikuwa tayari, paa tayari, imebaki sakafu. Alhamisi asubuhi alichanganya zege mwenyewe, na kwa kuwa ni ya nyumbani hakubana saruji. Seremala, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwepo akifunga fremu ya mlango, misumari mdomoni.

"Unatengeneza sakafu ya mtoto au ya kutua ndege?" Seremala akauliza.

"Funga mlango wako."

Waashi wa kazi ile wana tabia moja. Mwashi akimaliza sakafu, kabla zege halijakauka, huandika pembeni tarehe na jina lake kwa ncha ya mwiko, herufi ndogo, mahali ambapo kabati litakuja kukaa. Mama Mkubwa ndiye aliyemfundisha: kazi usiyoweza kuisaini usiifanye. Lakini siku hiyo Fundi hakwenda pembeni. Alipiga magoti juu ya ubao katikati ya mlango, pale ambapo kila atakayeingia lazima apaone, akaandika kwa herufi za urefu wa kiganja: TIMAZI. Akachimba kwa kina, herufi zisije zikafutika kwa miguu ya wajukuu.

Seremala alitema misumari mkononi. "Ndiyo jina?"

"Ndiyo jina."

"Mwenyewe anajua?"

"Nyie watu mna nini na kuuliza?"

"Mimi sina kitu. Mimi mbao, nikikosea nang'oa msumari. Wewe ndiye mwenye zege."

Fundi akasimama, akafuta mwiko kwenye suruali, akalitazama jina aliloliandika. Lilikuwa limenyooka kabisa. Kwa mtu aliyeacha shule darasa la tano, alijiona ameandika kitabu.

Ijumaa saa mbili asubuhi akamfuata Mama Mkubwa kwake, mitaa miwili kutoka pale, akamwambia aje akague sakafu. Hakukuwa na njia nyingine ya kumtoa ndani mapema hivyo. Ukimwalika kunywa chai atasema ana chai kwake; ukimwambia kuna sakafu, anatafuta kandambili.

Alikuja na fimbo yake na pimamaji kwapani, kile kibao chenye kichupa cha maji kinachoonyesha kama mahali pamelala sawa. Mwalimu naye alitoka na mtoto kwenye kanga, akasimama nyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Huyo amelala? Leo mvua itanyesha."

Alifika mlangoni akainama kuweka pimamaji. Akaona herufi. Fundi alikuwa amesimama pembeni na tabasamu la mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Mama Mkubwa alisoma. Akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko jina la herufi sita linavyohitaji. Kisha akanyooka, taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Ndilo jina la mtoto. Jumamosi linatajwa. Ni somo yako, Mama Mkubwa."

"Lifute."

Tabasamu la Fundi lilikaa usoni kidogo bila kujua liende wapi. "Unasemaje?"

"Nimesema lifute."

"Limeshashika. Limekaa tangu jana."

"Naona limeshika. Nilikufundisha kuchanganya vizuri, hiyo ndiyo hasara yake." Akageuka, akampita Mwalimu bila kumgusa mtoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja tangu azaliwe. Kwenye kona ya nyumba akasimama, mgongo umewageukia. "Mimi nina jina. Hilo si jina langu. Hilo nililipewa."

Fimbo ikasikika mpaka barabarani, halafu haikusikika.

"Haya," alisema Fundi. "Nimefanya nini?"

"Hujauliza," alisema Mwalimu. Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Fundi alimpigia Mama Mkubwa simu mara nne, haikupokelewa. Alikwenda kwake, mlango umefungwa na redio inaimba ndani. Alibisha mpaka jirani akatoa kichwa. Akarudi nyumbani, akachukua nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kupasulia zege, akapiga magoti palepale alipopiga jana, akaanza kuling'oa.

Zege lile lilikuwa zuri. Hilo alilijua kwa pigo la kwanza, ambalo liliruka likamrudia begani. Kila herufi alikuwa ameichimba kwa kina, kwa hiyo ili aitoe ilibidi achimbe kwa kina kuliko hiyo. Mpaka saa sita alikuwa amemaliza T na I, jasho linamtoka mpaka kwenye kope, na M inamtazama.

Baba Mdogo, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akapita kuchungulia.

"Naona akili zimerudi," akasema. "Unaandaa nafasi ya jina la kaka yangu."

"Baba Mdogo, nina nyundo mkononi na sijala."

"Nilikuwa napita tu."

"Endelea kupita."

Akaendelea. Fundi alifika kwenye Z, akiwa amekaa chini sasa, miguu imetandazwa kama mtoto kwenye mchanga, aliposikia fimbo. Hakugeuka. Akapiga mapigo mengine mawili.

"Unashika tindo kama unachoma nyama," alisema Mama Mkubwa. "Ilaze."

Akailaza. Kipande kizima kikatoka.

Mama Mkubwa akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake mlangoni. Mwalimu alitoka jikoni na mtoto, akaketi kizingitini, akanyonyesha. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake.

"Kwa nini hukuniambia hulipendi?" Fundi akauliza hatimaye, macho kwenye kazi.

"Wewe ulikuwa unalipenda."

"Nilidhani ni kwa ajili ya kuta zako."

"Ukuta wangu wa kwanza ulianguka," alisema Mama Mkubwa.

Nyundo ikasimama.

"Piga, mimi naongea. Nilikuwa kijana bado. Mimi na mama yako tulikuwa vibarua wa maji na matofali. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa mzaha, akasema mbele ya wote, haya, huyu anayetuangalia sana leo tumpe kona ajenge. Kila mwashi alikuwa na timazi lake, nikaomba, hakuna aliyeniazima. Nikajenga kwa macho. Mstari wa kwanza, wa tano, wa kumi, na mimi najiona fundi. Kumbe ukuta unaota tumbo. Msimamizi akaja, hakusema neno, akauwekea mguu, akausukuma. Ukalala wote. Akavua timazi lake, akanifunga shingoni kwa ile kamba, akasema nizunguke nalo uwanja mzima mpaka mchana, ili nijue linafananaje. Nikazunguka. Watu zaidi ya arobaini wanacheka. Kuanzia siku hiyo nikawa Timazi."

Mwalimu alimhamishia mtoto titi la pili.

"Baadaye wakasahau," Mama Mkubwa akaendelea. "Waliocheka wakafa, wakahama. Waliokuja nyuma wakadhani ni sifa. Hata mimi nikawa naitika. Lakini kila mtu akiniita, mwanangu, nasikia ile kamba hapa." Akagusa shingo. "Sasa nimtazame mtoto huyu, nimwite hivyo kila asubuhi?"

Fundi aliweka nyundo chini.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe tangu herufi ya pili. Nilikuwa nyuma ya uzio, nakusikiliza. Nikasema acha apate mazoezi."

Mwalimu akacheka, Mama Mkubwa naye mabega yakamcheza, na Fundi akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi mpaka akawa kama aliyepakwa chokaa. Ndipo Mwalimu alipouliza. Aliuliza kama anavyouliza darasani, akitaka jibu na si kujaza kimya.

"Mama, na wewe ungependa aitweje?"

Mama Mkubwa alimgeukia polepole. "Mimi?"

"Wewe. Kesho watu wanakuja na hatuna jina. Ukitaka lile lako la kuzaliwa, tutampa. Akipigana shuleni, mimi ni mwalimu, nitawachapa wote."

"Huchapi mtu wewe, nakujua." Mama Mkubwa alichezea kichwa cha fimbo yake. Katika ukoo ule majina yalitangazwa na watu wenye kofia. Kwa miaka sabini na tatu alikuwa amepelekewa watoto wenye majina tayari, naye kazi yake ilikuwa kusema jina zuri. "Sikilizeni. Ile siku ya kamba, niliporudi nyumbani niliapa sirudi tena. Mama yako," alisema akimtazama Fundi, "hakunibembeleza. Aliniambia, kesho tunaondoka saa kumi alfajiri. Yeye ndivyo alivyokuwa siku zote. Alikuwa wa kwanza kufika kazini, anajaza mapipa yote maji kabla jua halijatoka, mafundi wanakuta matofali yameshaloweshwa. Wakamwita Mapema. Yeye jina lake lilikuwa jina, siyo kama langu. Wakifika wanauliza, Mapema yupo? Wakisikia yupo, wanajua siku itakwenda."

"Hilo sijawahi kulisikia," Fundi akasema. Alijua jina la mama yake la kwenye cheti. Hili la watu hakulijua.

"Sikuwa nasema. Nikimsema yeye naanza kulia, na wewe ulikuwa mtoto, utalia na wewe, nani atapika? Basi tukaenda gizani. Timazi la msimamizi nilikuwa nalo bado shingoni kwangu, nilisahau kulirudisha kwa hasira. Yeye ananipa matofali, mimi naweka, nashusha timazi, napima. Nikikosea anasema toa, weka tena. Nikilia anasema lia ukiwa unaweka. Jua likatoka, ukuta umesimama. Msimamizi alipofika aliupima mara tatu, akazunguka nyuma, akaupima mara ya nne. Hakusema kitu. Kesho yake akanipa mwiko." Akanyamaza kidogo. "Na wewe ulikuwepo."

"Mimi?"

"Tumboni. Miezi saba. Kila akiinuka na tofali anashika kiuno. Ulikuwepo pale, ule ukuta tuliujenga watatu."

Fundi aliangalia mikono yake, kama vile ingekuwa na kumbukumbu ambayo hakuambiwa.

"Mkinipa mimi somo, nitafurahi, sitawadanganya," alisema Mama Mkubwa. "Lakini mimi nimeishi. Nimekula, nimejenga, nimekuchapa, nimekuoza. Yeye hakupata kitu. Hata mtu wa kumtaja hana, isipokuwa mimi, na mimi magoti haya mnayaona. Mpeni yeye. Mwiteni Mapema. Ni jina la mtu yeyote, halina gauni wala suruali. Na mimi mnipe kulitaja. Nilitaje mimi, siyo mwenye kofia."

Mwalimu alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anaangalia ukuta, kope zinafanya kazi.

"Mimi nina miaka arobaini na sita," alisema Fundi. "Watu watauliza, huyu mtu amezaa uzeeni halafu anamwita mtoto Mapema?"

"Waambie fundi yeyote huchelewa kumaliza," alisema Mwalimu.

"Basi nimekubali."

"Hujaulizwa wewe," alisema Mama Mkubwa. "Nimemuuliza mwenye mtoto. Mkwe wangu?"

"Lina kifua kuliko lile," alisema Mwalimu, na akamkabidhi mtoto.

Jumamosi sebule ilijaa. Viti vilitoka kwa majirani wote wawili, na mwenye majina manne alikuwa ameongeza la tano. Baba Mdogo alikaa katikati ya kochi, kofia juu ya goti. Fundi hakumpa muda wa kukohoa.

"Jina analitaja Mama Mkubwa," akasema.

Watu wakatazamana. Baba Mdogo akafungua mdomo. "Tangu lini..."

"Tangu leo."

Mama Mkubwa alisimama na mtoto mikononi. Alikuwa amevaa nguo yake ya harusi za watu. Akamwinamia mtoto sikioni, akasema kwanza humo, ili mwenye jina awe wa kwanza kulijua. Kisha akainua kichwa.

"Anaitwa Mapema. Ni somo ya mdogo wangu, mama yake Fundi."

Kulikuwa na minong'ono ya jina zuri, jina zuri. Jirani wa mkono wa kushoto alikunja karatasi yake ya majina. Macho ya wote yakaenda kwa Baba Mdogo, maana pale ndipo mvua ilipotarajiwa.

Baba Mdogo alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mapema," akasema. "Yule wa mapipa."

"Unamkumbuka?" Fundi akauliza.

"Nilikuwa kijana. Nilikuwa natumwa kwenda kumtafuta kaka yangu pale kazini, kwa sababu nyumbani haonekani. Nisimkute. Shemeji ananiona nimesimama juani, ananiita, anagawa chakula chake katikati. Anasema kula, mtu hamtafuti mtu na njaa." Akageuza kofia, akaikagua ndani kama kuna kitu kimeandikwa. "Mara ngapi, sijui. Nyingi. Kaka yangu alikuwa mpumbavu."

Hilo hakuna aliyelipinga.

"Jina lipite," alisema Baba Mdogo. "Chai iko wapi?"

Sebule ikapumua. Vikombe vikaanza kutembea. Mama Mkubwa aliketi na mtoto, akawa anamsemesha chinichini: mdogo wangu, umeona watu walivyojaa, mdogo wangu, usiwaogope. Fundi akasimama juu yao.

"Mbona unamwita mdogo wako?"

"Kwani ni nani? Amebeba jina lake. Kwangu ni mdogo wangu."

"Na kwangu?"

Mama Mkubwa alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyesahau kulowesha matofali. "Wewe unajua. Mbona unataka nikusemee?"

Fundi alijua. Mtu akimpa mtoto jina la baba yake, humwita mwanawe baba. Akimpa binti jina la mama yake, humwita mama. Ni jambo la kawaida katika nyumba zote alizowahi kuingia. Ila hakuwa amefikiria kuwa jambo hilo lingemfuata yeye, mbele ya watu, kwa mtoto wa kiume mwenye kipara.

"Mwashi mzima," akanong'ona. "Nipige simu kutoka kazini niulize mama amekula?"

"Na ujibiwe amekula," alisema Mama Mkubwa. "Shika mtoto wako, mkono umechoka."

Akamshika. Mzee, ambaye sasa hakuwa Mzee tena, alifungua jicho moja, akamkagua baba yake, akaona hafai, akaanza kupiga honi. Fundi akamtikisa. Akamtembeza hadi dirishani na kurudi. Watu walikuwa wanaongea, vikombe vinalia, hakuna aliyekuwa anamsikiliza, au walijifanya hivyo. Alikuwa amelitamka neno lile maelfu ya mara maishani, akisema habari za mama za watu wengine. Kumwita mtu hivyo, mtu aliyepo, mwenye uzito mkononi, hakuwahi.

"Nyamaza," akasema. Akameza mate. "Nyamaza, mama. Nyamaza, mama yangu."

Mtoto hakunyamaza. Alikaza ngumi, akapandisha honi mpaka vijiko vikaitikia kwenye sahani, na Mwalimu akachomoza kutoka chumbani, kanga begani, mikono mbele.

"Mama yako ana njaa," alisema. "Mlete huku."

Fundi akampeleka.